Mgeni aliyeangusha nyumba: historia ya programu jalizi

Aliyewahi kukodi kompyuta kwa nusu saa kwenye intaneti kafe, mwaka 2009 hivi, anaikumbuka adhabu hii. Umeandika aya tatu za barua ya kuomba kazi, na kwenye ukurasa wa pili umefungua video. Video inakwama. Dirisha zima linapauka, linakuwa jeupe, na barua imekwenda na maji. Kijana wa kafe anakuja, anabonyeza Ctrl, Alt na Delete bila hata kuuliza kulikoni, anakifunga kivinjari kwa nguvu na kukifungua upya. Dakika zako zinaendelea kuhesabiwa.

Wengine tulilaumu mtandao, wengine tukalaumu kivinjari. Mara nyingi mkosaji hakuwa yeyote kati ya hao. Alikuwa mgeni aliyekaribishwa ndani: programu jalizi.

Kivinjari cha zamani kilijua maandishi na picha, basi. Ukitaka video, muziki au mchezo, ilibidi usakinishe kipande cha programu kutoka kampuni nyingine, kijishikize ndani ya kivinjari na kufanya kazi hiyo. Mlango huo ulifunguliwa na Netscape katikati ya miaka ya 1990, katika kivinjari chake Navigator 2.0, baada ya wahandisi wa Adobe kutaka faili za PDF zifunguke humohumo dirishani. Utaratibu ule uliitwa NPAPI. Microsoft nayo ikawa na wake, ActiveX, kwa ajili ya Internet Explorer. Taratibu zote mbili zilimkabidhi mgeni funguo za nyumba nzima. Programu jalizi ilitumia kumbukumbu ileile ya kivinjari, kwa hiyo ikianguka, ilianguka nacho.

Mgeni mkubwa kuliko wote alikuwa Flash. Ilianza kama FutureSplash, kazi ya Jonathan Gay na wenzake. Macromedia iliinunua Desemba 1996 na kuipa jina jipya, kisha mwaka 2005 Adobe ikainunua Macromedia yenyewe kwa takriban dola bilioni 3.4. Mwaka huohuo YouTube ilizaliwa, na video zake zilichezeshwa na Flash. Kuanzia hapo, kivinjari kisicho na Flash kilionekana kibovu.

Kutafuta hitilafu ilikuwa kazi ya uvumilivu. Katika Firefox uliandika about:plugins kwenye sehemu ya anwani, ukapata orodha ya kila kilichojishikiza na namba ya toleo lake. Ukazima kimoja, ukafungua ukurasa tena, ukakiwasha na kuzima kinachofuata, hadi umpate mkorofi. Kilichowachanganya wengi ni kwamba Flash haikuwa moja. Ya Internet Explorer ilipakuliwa peke yake, na ya vivinjari vingine peke yake. Mtu alisakinisha ya kwanza, akafungua Firefox, akaambiwa hana Flash, akaapa kwamba anayo. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Chrome, iliyotoka Septemba 2008, ilianza mwaka 2010 kuja na Flash yake ndani. Kompyuta moja sasa ikawa na tatu. Ya ndani ya Chrome na ile iliyosakinishwa kando ziliweza kugongana, na dawa ilikuwa kuzima mojawapo.

Kwa maoni yangu, siku ya maana kuliko zote katika historia hii ni 22 Juni 2010, ingawa haikupigiwa ngoma. Siku hiyo Mozilla ilitoa Firefox 3.6.4 kwa watumiaji wa Windows na Linux. Programu jalizi za Flash, QuickTime na Silverlight ziliondolewa sebuleni, zikajengewa chumba chao cha nje. Mojawapo ikianguka, uliona kipande cha kijivu pale video ilipokuwa, lakini kurasa nyingine zilibaki hai. Ukilinganisha 3.6.3 na 3.6.4 kwa macho, huoni tofauti yoyote. Mwenye kuandika barua ndiye aliyeiona.

Ila siku nne tu baadaye ilibidi litoke toleo la 3.6.6. Firefox ilikuwa imepangiwa kuifunga programu jalizi yoyote isiyoitika kwa sekunde 10. Kwenye kompyuta za kinyonge, mchezo wa FarmVille wa Facebook ulichukua muda mrefu zaidi ya huo kufunguka, kwa hiyo wakulima wale wa skrini walikuta mashamba yao yanafungwa kabla hayajapandwa. Muda ukaongezwa hadi sekunde 45.

Mwaka 2011 ukaja ugomvi wa namba. Firefox 4 ilitoka Machi, ya 5 Juni, na Desemba tulikuwa kwenye ya 9. Viendelezi, yale makorokoro madogo ya kuongezea kivinjari uwezo, vilikuwa vimeandikiwa ndani toleo la mwisho vinalolikubali, na vingi viligoma. Wajuzi walifungua faili la kiendelezi, wakabadilisha namba hiyo kwa mkono, na mara nyingi kilifanya kazi kana kwamba hakukuwa na tatizo. Wengine waling'ang'ania 3.6 hadi Aprili 2012, ilipoacha kuhudumiwa. Siwalaumu. Toleo jipya linalokunyang'anya zana zako si zuri kwako, hata likiwa na kasi.

Mwisho wa programu jalizi ulianzia kwenye simu. Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple aliandika barua ya wazi kueleza kwa nini iPhone haipokei Flash. Wakati huo HTML5, toleo jipya la lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ilikuwa inakifundisha kivinjari kuchezesha video chenyewe, na Januari 2015 YouTube iliifanya HTML5 kuwa njia yake ya kawaida. Chrome ikaifukuza NPAPI mwaka huo, Firefox ikafuata Machi 2017, ikiibakiza Flash peke yake. Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na tarehe 12 Januari 2021 ikaizuia isicheze chochote.

Si kila mtu alikuwa tayari. Mamlaka ya Mapato ya Afrika Kusini, ambayo baadhi ya fomu zake za kodi zilitegemea Flash, ilitoa kivinjari chake yenyewe Januari hiyohiyo ili fomu zifunguke. Kwa michezo ya zamani ipo Ruffle, programu inayoiga Flash bila Flash yenyewe kuwapo.

Kwa hiyo, msomaji, ukurasa wowote ukikuambia leo kwamba Flash yako imepitwa na wakati na ubonyeze hapa kuisasisha, usibonyeze. Hakuna Flash mpya ya kusakinisha; aliyekuandikia ni tapeli. Ufunge ukurasa huo.