Homa ya papasi

Kila ninaposoma maandishi ya kitabibu kuhusu watu waliopandikizwa mapafu, nakutana na neno "nadra". Dawa zinazozuia mwili usilikatae pafu la mtu mwingine hupunguza kinga, na bakteria wasiosumbua watu wengine hupata nafasi. Nyanda za Juu Kusini hakuna hospitali inayopandikiza mapafu. Lakini bakteria walioitwa nadra tunao, na mmoja wao alifuatiliwa hadi Iringa.

Mwaka 1905 Robert Koch, Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alikuwa kwenye njia ya misafara ya Dar es Salaam, Morogoro na Iringa. Wasafiri waliugua homa iliyodumu siku chache, ikaondoka, kisha ikarudi. Koch alikusanya papasi katika vibanda vya udongo walimolala wasafiri, akawapasua. Kwenye darubini aliona bakteria waliojisokota kama waya. Aliwaona hata ndani ya mayai: papasi huwarithisha watoto wake ugonjwa.

Mwaka huohuo Joseph Dutton, tabibu Mwingereza aliyechunguza homa hiyohiyo, alifia Kasongo, Kongo. Bakteria huyo anaitwa Borrelia duttonii kwa heshima yake. Kiswahili kinasema tu homa ya papasi, na jina hilo linakuonyesha pa kutazama: nyufa za ukuta na vumbi la sakafu.

Koch aliona pia kwamba wenyeji hawakuugua kama wageni, kwa kuwa walishaambukizwa utotoni. Ugonjwa uliowashtua wageni ulikuwa wa kawaida kwa watoto wa vijiji vile.

Koch alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1905 kwa kazi yake ya kifua kikuu, na leo kituo cha NIMR Mbeya hujaribu dawa za ugonjwa huo. Papasi hakupata umaarufu huo. Nyumba za saruji zimempunguza, lakini hazijammaliza, na homa yake ni hatari hasa kwa wajawazito na watoto wachanga.

Kipimo cha haraka cha malaria kimeokoa wengi, ila kinatafuta malaria peke yake. Bakteria wa papasi huonekana kwa darubini, katika tone la damu lililopakwa kwenye kioo, na antibayotiki humtibu. Homa ikiondoka na kurudi, nadhani tuna haki ya kuomba damu itazamwe kwa darubini kabla ya kuambiwa kwamba ugonjwa huo haupo.