Azimio la Bogotá la 1976 na Hoja ya Uvutano wa Dunia

Tarehe 3 Desemba 1976, wawakilishi wa nchi kadhaa za ikweta, zikiwamo Kenya, Uganda, Kongo na Zaire, walitia saini Azimio la Bogotá. Walidai kwamba obiti ya setilaiti tuli, iliyo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, ni maliasili ya nchi zilizo chini yake. Obiti hiyo, walisema, ipo kwa sababu ya uvutano wa Dunia pekee. Kwa hiyo haimo katika anga za mbali ambazo Mkataba wa 1967 unazuia taifa lolote kujimilikisha.

Hoja hiyo imejadiliwa zaidi na wanasheria, ilhali fizikia ilikuwa imekwisha kuijibu. Mwaka 1959 mwendo wa setilaiti Vanguard 1 ulidhihirisha kwamba Dunia ina umbo linalokaribia la pea, ingawa kwa kiasi kidogo mno. Kisha Syncom 2, iliyorushwa na Marekani Julai 1963, ikaonekana ikihama polepole kutoka longitudo yake. Ilibainika kuwa hata ikweta yenyewe si duara kamili, na kwamba uvutano usio sawa huzielekeza setilaiti tuli kwenye sehemu mbili: karibu na longitudo 75 mashariki na 105 magharibi.

Setilaiti iliyowekwa juu ya Kenya, ikiachwa bila kurekebishwa, huanza kuelekea mashariki, huiacha nchi hiyo, huvuka Bahari ya Hindi na kuipita longitudo 75, mashariki kidogo ya Maldives, kisha hurudi, mithili ya pembea. Kuizuia kunahitaji mafuta, japo si mengi: badiliko la mwendo lisilozidi takriban mita 2 kwa sekunde kila mwaka. Jua na Mwezi, vinavyoinamisha obiti, hudai takriban mita 50. Neno “pekee” ndilo lililoidhoofisha hoja ya Bogotá.

Malalamiko yaliyoizaa, hata hivyo, yalikuwa ya haki: nafasi zilikuwa zikichukuliwa na waliotangulia. Mkutano Mkuu wa ITU uliofanyika Nairobi mwaka 1982 uliingiza katika mkataba wake mahitaji ya nchi zinazoendelea na hali ya kijiografia ya baadhi ya nchi. Mpango wa 1988 ukaitengea kila nchi angalau nafasi moja ya kutumia. Mafuta ya kuishikilia yakabaki juu ya mwenye setilaiti.