Sanad ya Habari za Ukerewe: Somo kwa Vijana wa Vyuo

Ndugu msomaji, katika darsa tunayoifanya na vijana wa vyuo hapa Mwanza tumeona jambo moja la kushangaza. Kijana ukimsomea hadithi bila ya kumtaja mpokezi wake, atakusimamisha hapo hapo akuulize imetoka kwa nani. Kijana huyo huyo ukimwambia kuwa mwaka fulani Waislamu walifanya hili na lile katika pwani ya ziwa hili, anainamisha kichwa na kuandika. Anadhani sanad ni ya hadithi tu, na historia haina wapokezi.

Kosa hili si la vijana peke yao. Sisi wenyewe tuliwahi kusema katika mhadhara kuwa Songoro, mfanyabiashara Mwislamu aliyeuawa Ukerewe mwaka 1877, alikufa kwa ajili ya dini yake. Baada ya swala kijana mmoja akatufuata kwa adabu, akasema: "Sheikh, habari ile umeipata kwa nani?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumeisikia kwa mtu, naye aliisikia kwa mtu.

Wanazuoni wetu hawakuwa hivyo. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria (1071), aliletewa waraka uliodaiwa kuwa Mtume (s.a.w.) aliwasamehe jizya Mayahudi wa Khaybar, ukiwa na majina ya Masahaba walioshuhudia. Akautazama na kusema ni wa kughushi. Miongoni mwa mashahidi alikuwemo Muawiya, ambaye alisilimu katika mwaka wa kufunguliwa Makka, nao ni mwaka wa 8, ilhali Khaybar ilikuwa mwaka wa 7. Alikuwemo pia Saad bin Muadh, aliyefariki mwaka wa 5 baada ya vita vya Khandaq. Maiti hatoi ushahidi. Zingatia kuwa hakuhitaji kuchunguza wino wala karatasi, tarehe zilimtosha.

Sasa tuje nyumbani. Kila kitabu cha shule kinasema kuwa John Hanning Speke aliliona ziwa hili karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Tunawataka vijana wapange sanad ya alichokiandika. Kwanza, kuwepo kwa ziwa aliambiwa na Waarabu wa Kazeh, yaani Tabora, akiwemo Snay bin Amir aliyekwishafika Buganda kabla yake. Wao waliliita Bahari ya Ukerewe. Pili, Speke hakujua Kiarabu. Alizungumza na kiongozi wake, Sidi Mubarak Bombay, kwa Kihindustani, na Bombay ndiye aliyezungumza na wenyeji. Basi maneno ya mtu wa Mwanza yakapita lugha mbili tatu kabla hayajaingia kwenye daftari la Kiingereza, na kitabu kikatoka mwaka 1864. Burton, msafiri mwenzake aliyebaki Kazeh, aliitilia shaka tafsiri hiyo. Lakini Burton naye alikuwa na ugomvi na Speke, na mwenye ugomvi ushahidi wake hupimwa. Hapo ndipo vijana huanza kuelewa maana ya jarh wa taadil: mkosoaji naye hukosolewa.

Turudi kwa Songoro. Stanley alimkuta katika safari yake ya mwaka 1875, alipofikia Kageyi, mashariki ya mji wetu. Alikuwa akifanya biashara ya pembe na watumwa, na alikuwa na jahazi lake likijengwa Ukerewe. Desemba 1877 aliuawa kisiwani humo pamoja na Wamisionari wawili wa Kiingereza, Luteni Shergold Smith na O'Neill, kwa amri ya Mtemi Lukonge. Wote watatu hawakuacha neno juu ya siku hiyo. Habari tuliyonayo ni ya walionusurika, na ya Lukonge mwenyewe kama alivyomweleza Mmisionari Alexander Mackay mwaka 1878: kwamba mgogoro ulikuwa kati yake na Songoro, na kwamba wazungu waliingia kwa kuwa Songoro alikimbilia kwao nao wakakataa kumtoa.

Tazama wapokezi hawa. Lukonge ndiye mshitakiwa. Ana sababu ya kumtwika marehemu lawama. Mackay alikuwa adui wa Waarabu na biashara yao, na barua zake zilitolewa kitabuni na dada yake mwaka 1890, alipokwisha kufariki. Mfikirie mtu kama huyo: angependa kuandika kuwa ndugu zake walikufa wakimhifadhi mfanyabiashara wa watumwa? Bado ameliandika. Katika fikihi yetu, ikirari ya mtu dhidi ya nafsi yake ina uzito, na kwa kiasi hicho tunaikubali habari yake. Dini haimo katika ugomvi ule.

Vijana wengine hawakufurahi. Mmoja alipendekeza tuseme tu "mfanyabiashara" na tuache neno watumwa, maana magazeti ya wengine yatatushambulia. Tukamkumbusha amri ya Allah (s.w.) katika Surat an-Nisaa, ya kusimamisha ushahidi wa haki ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu. Na upande wa pili pia ushikwe kwa haki hiyo hiyo: anayeandika kuwa "Waarabu waliwaua Wamisionari Ukerewe" amekosea, kwani aliyekuwa upande wao Mwislamu huyo aliuawa nao siku moja.

Mwaka jana wanafunzi wanne walipanda meli ya Nansio kwenda kuwauliza wazee. Mzee mmoja aliwasimulia kisa kizima kwa ufasaha, na majina ya wazungu kwa ukamilifu, na mwaka. Wakafurahi, wakidhani wamepata mapokezi ya Wakerewe wenyewe yasiyopitia kwa Mackay. Kisha msichana mmoja akamuuliza kwa heshima: "Babu, wewe ulisimuliwa na nani?" Mzee akacheka. Akasema aliyasoma darasani, shule ya misheni, alipokuwa mdogo.

Waliporudi waliandika jina la mzee katika orodha ya wapokezi, na pembeni yake wakaandika: amepokea kutoka kitabuni.