Ifahamu Haki ya Mfanyakazi Mwenye Ugumu wa Kujifunza

Eneo la Njiro, jijini Arusha, lina viwanda, ofisi, hoteli na taasisi za umma, zikiwemo Chuo cha Uhasibu Arusha na Shirika la Uhandisi na Usanifu wa Mitambo Tanzania (TEMDO). Katika maeneo ya kazi ya namna hiyo, karibu kila hatua ya ajira hupitia maandishi: barua ya maombi, mkataba, ratiba ya zamu, tangazo ukutani na barua ya onyo. Kwa mtu mzima mwenye ugumu wa kujifunza, maandishi hayo huweza kuwa kikwazo kikubwa kuliko kazi yenyewe.

Baadhi ya watu hao wana disleksia, hali inayofanya kusoma na kuandika kuwe kugumu ingawa uwezo wa kufikiri ni wa kawaida. Wengine wana ulemavu wa akili na huhitaji muda mrefu zaidi kuzoea jambo jipya. Kwa kuwa hali hizo hazionekani kwa macho, mara nyingi huchukuliwa kuwa ni uvivu, uzembe au ukaidi. Aidha, wengi huificha hali yao kwa kuogopa kuchekwa au kupoteza kazi.

Sheria inavyoelekeza

Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inautazama ulemavu kuwa ni kukosa au kupungukiwa fursa ya kushiriki katika maisha ya kawaida sawa na wengine, kutokana na sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kuwa watu wenye ulemavu hawapungui asilimia 3 ya wafanyakazi wote. Kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 100, hao ni watu 3.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu. Kifungu cha 15 kinaweka wajibu ambao wengi hawaufahamu: mfanyakazi asipoelewa maelezo ya maandishi kuhusu ajira yake, mwajiri anapaswa kuhakikisha anaelezwa kwa namna anayoielewa. Kwa hiyo, kuomba kusomewa na kufafanuliwa mkataba kabla ya kutia saini si kuomba upendeleo.

Marekebisho yasiyo na gharama kubwa

Mwajiri anaweza kutoa maelekezo kwa mdomo, hatua moja baada ya nyingine, na kumwomba mfanyakazi ayarudie kwa maneno yake. Picha na rangi huweza kutumika kutofautisha vifaa na stoo. Msimamizi mmoja anayefahamika hupunguza maagizo yanayogongana. Katika usaili, kazi za mikono zipimwe kwa vitendo badala ya mtihani wa kuandika.

Siku 30 za kuzingatia

Hatari kubwa zaidi hujitokeza ajira inapositishwa. Mgogoro kuhusu kuachishwa kazi hupelekwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Migogoro mingine, ndani ya siku 60. Mfanyakazi aliyeiweka barua kabatini kwa kuwa hakuielewa, huku akiona haya kumwomba mtu amsomee, anaweza kupitwa na muda huo. Aliyechelewa anaweza kuiomba Tume ipokee shauri lake, lakini atalazimika kutoa sababu za msingi.

Hivyo, barua yoyote kutoka kwa mwajiri isomwe siku hiyohiyo kwa msaada wa ndugu, kiongozi wa chama cha wafanyakazi au afisa kazi. Katika usuluhishi, mfanyakazi anaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama chake, wakili au mtu anayemchagua mwenyewe. Kutojua kusoma vizuri hakumwondolei mtu haki ya kusikilizwa.