Askofu Kataliko na Chama cha Mobutu

Mobutu Sese Seko, rais wa Zaire, yaani Kongo ya leo, hakuwa mkomunisti. Wamarekani na Wafaransa walimbeba miaka mingi kwa sababu alijitia kuwa ngome dhidi ya Moscow. Lakini chama chake, MPR, kilishonwa kwa kitambaa cha wakomunisti. Alizuru Beijing mwaka 1973 na Pyongyang mwaka 1974, na Zaire ikazidi kumwimbia kiongozi, kumchezea ngoma na kubandika sura yake kifuani. Kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama, apende asipende.

Kanisa Katoliki halikuenea katika mfuko huo. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, na Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa akaishi uhamishoni Roma kwa miezi kadhaa. Huku Butembo na Beni, mashariki mwa nchi, katazo hilo halikuwakosesha watu usingizi sana: Mnande, mwenyeji wa huku, alikuwa na jina lake la uzawa tangu zamani, Kambale kwa mtoto wa pili wa kiume, Kasereka kwa wa tatu. Kilichouma ni shule. Serikali ilizitwaa mwishoni mwa 1974, ikashindwa kuziendesha, na mwaka 1977 ikalirudishia Kanisa usimamizi wake kwa makubaliano.

Aliyezipokea upande huu ni Askofu Emmanuel Kataliko, mzaliwa wa Lubero, aliyekabidhiwa jimbo la Kanisa la huku mwaka 1966. Wamisionari Waasumption walikuwa wamefika tangu 1929, kwa hiyo alikuta misheni na shule tayari. Yeye aliongeza jambo moja: aliwazoesha waumini kutoingoja Kinshasa. Barabara ikikatika, wafanyabiashara wa kahawa na wa utomvu wa mipapai walitoa fedha, vijiji vikatoa nguvu kazi, jimbo likasimamia. Mwaka 1989 Butembo ikapata Chuo Kikuu Katoliki cha Graben. Mji ambao serikali haikuujengea hata barabara ya lami ya maana ukawa na chuo kikuu chake.

Mwaka huohuo, ng'ambo, tawala za chama kimoja zilikuwa zinaanguka, na Poland ilikuwa inapiga kura. Papa Yohane Paulo II alikuwa amezuru nchi yake ya kuzaliwa Juni 1979, umati ukajiona ulivyo mkubwa, na mwaka uliofuata ukazaliwa muungano wa wafanyakazi wa Solidarność. Juni 1989 wakomunisti wakabwagwa kwenye sanduku la kura. Lakini kilichomtia Mobutu baridi zaidi kilitoka Romania: kiongozi wake Nicolae Ceaușescu, rafiki wa Mobutu, alipigwa risasi siku ya Krismasi.

Mobutu akaanza kuwauliza wananchi maoni. Maaskofu walijibu kwa waraka mkali Machi 1990, wakimweleza kwamba ugonjwa wa nchi ni mfumo wenyewe. Tarehe 24 Aprili alitangaza machozini mwisho wa chama kimoja. Mkutano Mkuu wa Kitaifa, ulioitishwa kujadili mfumo mpya wa nchi, ukaongozwa na Laurent Monsengwo, Askofu Mkuu wa Kisangani. Serikali ilipousimamisha, Wakristo waliandamana Kinshasa tarehe 16 Februari 1992. Askari wakafyatua risasi, makumi ya watu wakafa. Mkutano ulifunguliwa tena Aprili.

Kusema Kanisa ndilo lililoiangusha MPR ni kutia chumvi. Bei ya shaba, madeni na askari wasiolipwa walioingia mitaani kupora Septemba 1991 vilifanya kazi kubwa, na wapo maaskofu walioelewana na Mobutu vizuri mno. Mchango wa Butembo ulikuwa wa aina nyingine: chama kilipokufa, hapakuwa na pengo kubwa la kuziba.

Kataliko alihamishiwa Bukavu mwaka 1997, kushika nafasi ya Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliyeuawa Oktoba 1996. Katika ujumbe wake wa Krismasi 1999 aliwashutumu wageni wanaopora mali ya Kongo na Wakongo wanaowasaidia. Waasi wa RCD, walioushika mji wa Bukavu, walikasirika, na Februari 2000 wakampeleka uhamishoni. Wapi? Butembo! Adhabu ya ajabu, kumfukuzia mtu kwao. Waumini wa Bukavu walipaza sauti hadi akaruhusiwa kurudi tarehe 14 Septemba. Wiki tatu baadaye, tarehe 4 Oktoba 2000, alifariki akiwa safarini Roma.