Kaburi la Vigae Katikati ya Migomba

Msikilizaji mpenzi, wiki hii tuzungumze jambo ambalo wengi hatupendi kulitaja mpaka litufike mlangoni: namna tunavyozikana.

Miaka hiyo Kibingo ilikuwa bado katika Wilaya ya Karagwe. Kyerwa ilikuja kuwa wilaya mwaka 2012. Nilikwenda huko kumzika shangazi yangu. Mzee yule alikuwa ameacha neno mapema: aviringishwe lubugo, ile nguo ya gome la mti, alazwe mgombani karibu na mumewe, na juu yake uwekwe udongo mtupu. Wanawe walipofika kutoka mjini walishusha jeneza la kung'aa, mifuko ya saruji na maboksi ya vigae. Mashina sita ya migomba yakang'olewa. "Tukimzika hivyo alivyotaka, watu watasemaje?" waliuliza. Deni la dukani likaja kumeza mavuno mawili ya kahawa. Nami niliyeusikia wosia ule kwa masikio yangu nilinyamaza.

Lubugo haikuwa nguo ya ufukara. Gome hubanduliwa mti ukiwa hai, shina likafungwa majani ya mgomba, na gome jingine likaota. Mti mmoja uliweza kuvisha watu na kuwasitiri kaburini miaka na miaka. Ndugu zetu Waislamu nao hawazidishi: maiti hulazwa ardhini kwa sanda, na jeneza lililombeba hurudi msikitini kumngoja mwingine.

Lakini nisije nikaeleweka kwamba kila la kale ni jema. Mwaka 1861 Mwingereza John Speke alifika Karagwe kwa Mtemi Rumanyika. Aliandika alivyosimuliwa mazishi ya Dagara, baba wa Rumanyika: mwili ulishonwa ndani ya ngozi ya ng'ombe, kisha ukajengewa kibanda mlimani badala ya kufukiwa. Wasichana watano na ng'ombe hamsini wakafungiwa humo mpaka wakafa kwa njaa. Ngozi na nyasi ziliweza kuoza bila kudhuru ardhi. Je, mazishi hayo tuyaite mema? Hasha! Heshima ya marehemu ililipwa kwa roho za walio hai.

Sasa tumtazame Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyefariki Septemba 2011. Alikuwa ameomba asikatiwe mti kwa ajili ya jeneza. Likatengenezwa la mianzi, mafunjo na magugu maji, yale yale yanayoelea katika Mto Kagera na kulisumbua Ziwa Victoria. Kisha mwili ukachomwa Kariokor, Nairobi. Wako waliotikisa vichwa, kwani kuchoma maiti si desturi ya Wakikuyu. Lakini familia yake ilitii neno lake, na taifa likamzika kwa heshima zote.

Mimi simlazimishi mtu lubugo wala moto. Nasema tu kwamba mazishi yana mizani mbili: neno la marehemu, na mzigo wanaoachiwa walio hai pamoja na ardhi inayowalisha. Pale Kibingo tulishindwa zote mbili. Vigae vile bado vinang'aa, na chini yake hakuoti mgomba.

Msikilizaji, kama una mzazi, muulize angali hai. Naye akisema, usinyamaze kama mimi.

Hadi wiki ijayo, Mungu akipenda.