Kwasari zinazobadili sura

Kwasari zinazobadili sura ni kwasari ambazo mistari mipana ya utoaji katika spektra zake hutokea, hufifia au hupotea kabisa katika muda wa miaka michache, na wakati mwingine miezi tu. Mwangaza wa kiini nao huongezeka au kupungua mara kadhaa katika muda huohuo. Mabadiliko hayo yamekuwa fumbo kwa wanaastronomia, kwa sababu nadharia ya kawaida ya kwasari inadai kwamba badiliko kubwa hivyo lichukue mamia au maelfu ya miaka.

Kwasari na mistari yake

Kwasari ni kiini king'avu sana cha galaksi ya mbali. Katikati yake kuna shimo jeusi lenye masi ya mamilioni hadi mabilioni ya Jua. Gesi inayovutwa na shimo hilo haitumbukii moja kwa moja, bali hulizunguka na kufanya umbo la sahani bapa. Msuguano ndani ya sahani huipasha gesi joto hadi kiini king'ae kuliko nyota zote za galaksi yake. Viini vya namna hiyo vyenye nguvu ndogo zaidi hupatikana pia katika galaksi za karibu, nazo huitwa galaksi za Seyfert kwa heshima ya Carl Seyfert aliyezieleza mwaka 1943.

Nuru ya kwasari ikitawanywa katika rangi zake huonekana mistari angavu, yaani mistari ya utoaji. Kila elementi ina mistari yake. Chumvi ikinyunyizwa kwenye moto wa jiko huleta mwali wa manjano, kwa sababu atomu za sodiamu hutoa nuru yenye urefu wa wimbi wa nanomita 589. Vivyo hivyo hidrojeni hutoa mstari mwekundu wa nanomita 656 (H-alfa) na mstari wa kijani-buluu wa nanomita 486 (H-beta). Kwa njia hiyo Maarten Schmidt alitambua mwaka 1963 kwamba kitu kilichoitwa 3C 273 hakikuwa nyota. Mistari yake ilikuwa ile ya hidrojeni, ila ilikuwa imesogea upande wa nyekundu kwa karibu asilimia 16, dalili ya umbali mkubwa sana.

Mistari ya kwasari ni ya aina mbili:

- Mistari mipana hutoka katika gesi iliyo karibu na shimo jeusi, inayokwenda kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde. Sehemu ya gesi hiyo inatujia na sehemu inatuacha, hivyo mstari hupanuka pande zote mbili.
- Mistari myembamba hutoka katika gesi iliyo mbali, mamia au maelfu ya miaka ya nuru kutoka kiini, yenye kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde.

Kiini chenye mistari ya aina zote mbili huitwa aina ya 1. Chenye mistari myembamba peke yake huitwa aina ya 2. Uainishaji huo ulitolewa na Khachikian na Weedman mwaka 1974, na baadaye Donald Osterbrock aliongeza ngazi za katikati kama 1.5, 1.8 na 1.9. Kwa muda mrefu tofauti hiyo ilielezwa kwa pembe ya kutazamia. Kiini kinadhaniwa kuzungukwa na vumbi zito lenye umbo la kata ya kubebea mzigo kichwani. Anayetazama kupitia tundu la kata huona gesi ya ndani, lakini anayetazama kutoka ubavuni huzuiwa na vumbi. Kwa maelezo hayo, kiini hakitazamiwi kuhama kutoka aina moja kwenda nyingine katika maisha ya mtu mmoja.

Historia ya ugunduzi

Dalili za kwanza zilitoka katika galaksi za Seyfert. Mwaka 1968 Andrillat na Souffrin walionyesha kwamba mstari wa H-beta wa galaksi NGC 3516 haukuwa tena kama Seyfert alivyouona. Mwaka 1976 Tohline na Osterbrock walieleza badiliko la namna hiyo katika NGC 7603. Katika NGC 4151, mojawapo ya galaksi za Seyfert zinazojulikana zaidi, mistari mipana ilikaribia kutoweka mnamo mwaka 1984, kisha ikarudi. Galaksi Markarian 1018 ilihama kutoka aina ya 1.9 hadi aina ya 1 katika miaka ya 1980, na mwaka 2015 ilionekana imerudi 1.9.

Wengi walidhani kwamba kwasari zenyewe, kwa ukubwa wake, haziwezi kubadilika hivyo. Dhana hiyo ilivunjika mwaka 2015, Stephanie LaMassa na wenzake walipotangaza kwasari SDSS J015957.64+003310.5. Spektra yake ya mwaka 2000 ilikuwa na mistari mipana iliyo wazi. Ile ya mwaka 2010 ilikuwa imepoteza H-beta pana, na H-alfa pana ilibaki hafifu. Mwangaza wa kiini ulikuwa umepungua takriban mara sita. Mwaka uliofuata Chelsea MacLeod na wenzake walipekua kumbukumbu za mradi wa SDSS na kupata kwasari kumi za namna hiyo. Tangu hapo idadi imeendelea kukua.

Maelezo yaliyopendekezwa

Wingu la vumbi. Vumbi linalopita mbele ya kiini lingeweza kuficha mistari mipana. Maelezo haya yanafaa kwa baadhi ya viini, kama NGC 1365, ambamo mawingu ya gesi hukatiza mionzi ya eksirei. Kwa kwasari nyingi hayatoshi. Wingu lingehitaji kufunika eneo zima la mistari mipana, na hilo huchukua muda mrefu kuliko ulioonekana. Zaidi ya hayo, nuru ya infraredi inayotoka kwenye vumbi lenye joto hupungua kufuatana na kiini. Kama kiini kingefichwa tu, vumbi hilo lingeendelea kupashwa joto kama awali.

Nyota iliyoraruliwa. Nyota inayokaribia mno shimo jeusi huraruliwa, na mabaki yake hung'aa kwa miezi au miaka kabla ya kufifia. Maelezo haya yalipendekezwa pia kwa kwasari ya LaMassa, lakini hayafai kwa viini vinavyofifia na kuwaka tena zaidi ya mara moja.

Badiliko la ulaji. Wataalamu wengi huona kwamba kiasi cha gesi kinachoingia kwenye shimo jeusi, au hali ya sahani yenyewe, ndiyo inayobadilika. Mionzi ya urujuanimno ikipungua, gesi ya karibu hukosa nishati ya kuiangaza na mistari mipana hufa. Mistari myembamba hubaki, kwa sababu gesi yake iko mbali kiasi kwamba habari za kufifia hazijaifikia. Shida ni muda. Kwa sahani ya kawaida inayozunguka shimo jeusi la masi ya Jua milioni 100, gesi huhitaji mamia ya miaka au zaidi kusafiri kuelekea ndani, lakini kinachoonekana ni miaka michache. Kwa hiyo ama sahani hubadilika kwa njia nyingine, kwa mfano kwa nguvu za sumaku, ama nadharia yake inahitaji kurekebishwa.

Afrika Mashariki na utafiti wa viini vya galaksi

Satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya astronomia ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi nchini Kenya, tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya iliadhimisha miaka saba ya uhuru, na satelaiti ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Mwaka 1971 timu yake, chini ya Riccardo Giacconi, ilitangaza kupokea eksirei kutoka NGC 4151, galaksi ileile ambayo baadaye ilibadili sura.

Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo anga la kaskazini na la kusini yote huonekana. 3C 273, ambayo yenyewe haimo katika kundi hili, hupita karibu na utosini katika kundinyota la Mashuke, na jioni za Mei ni wakati mzuri wa kuitafuta. Mwangaza wake ni wa daraja la 13 hivi, hivyo huhitaji darubini yenye kioo cha sentimita 20 na giza la kutosha. Taa za mji katika maeneo kama Ubungo, Kinondoni na Temeke huificha. Galaksi NGC 1566 ya kundinyota la Dorado, iliyobadili sura na kung'aa ghafla mwaka 2018, huchomoza Tanzania lakini haichomozi kamwe karibu kote Ulaya.

Spektra za SDSS ziko wazi kwa umma. Mwanafunzi wa Ubungo mwenye kompyuta na intaneti anaweza kulinganisha spektra za kwasari moja zilizopigwa miaka tofauti, na kwasari nyingi za kundi hili zilipatikana kwa ulinganishaji wa namna hiyo.